Haisi ya kulala inayumba: shajara ya kuitengeneza miguu

Mwisho wa Mei, mvua zimekata

Naandika hali ilivyo kabla spana haijagusa kitu, maana najijua, nikishatumia hela nitaanza kusifia hata pale hapasifiki.

Gari ni Haisi ya H200, ile supa longi ya paa refu, dizeli 1KD lita 3.0. Urefu mita 5.38, upana 1.88, kimo mita 2.285, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 3.11. Kabla ya kuja kwangu ilibeba abiria na magunia juu kwa hiyo ishakula barabara za kutosha. Mimi nikatoa viti vyote nyuma nikaweka kitanda, kabati, friji, jiko la gesi, tanki la maji la lita 90, betri mbili za sola zile za maji kizamani, na juu kuna keria ya chuma imebeba tairi ya spea na madumu. Kimo kile halafu juu unaongeza chuma, we fikiria mwenyewe.

Injini haina neno, inavuta mpaka raha. Shida ni kutembea, yaani miguu: springi, shokapu na vyote vinavyoshika tairi. Lami ya Moshi basi la Dar likikupita linakusukuma kwanza nje, halafu likiwa linapita linakuvuta upande wake, afu mkia wa gari unabaki unacheza wenyewe mara mbili tatu wakati basi lenyewe lishaondoka zamani. Ukitoka Kisongo kuelekea Makuyuni ule uwanda ulivyo wazi upepo unapiga ubavuni, unaendesha umekunja usukani kidogo muda wote kama unapiga kona isiyoisha. Kona za Kikafu ndo mbaya zaidi, unashuka kule bondeni, gari inalala ubavuni, inakaa imelala, halafu inachelewa kuinuka wakati kona ya pili ishafika. Na kitu kinachonichanganya ni kwamba hapohapo ni ngumu, ukipita rasta, yale matuta madogo madogo ya kupunguza mwendo, pale Usa River vyombo vyote kabatini vinaongea na mgongo unasikia kila mstari. Ngumu na bado inayumba. Mama watoto ashasema safari ijayo anapanda basi sisi tutamkuta hukohuko.

Fundi wa kwanza na dawa ya wote

Nikaipeleka Unga Limited, hapa Arusha, kwa fundi wa miguu ambaye kiukweli ni mzuri, namuamini kwenye boljointi na tairod endi kuliko mtu yeyote Chuga. Akaizunguka, akaisukuma ubavuni, akasema "mzee hapa tunaongeza jani moja la springi ya Canter kila upande, haitalala tena, utanishukuru." Nikaingia chini na tochi. Juu ya majani ya Toyota kuna majani mawili mazito ambayo hayajazaliwa na hii gari, manene, rangi tofauti, yamekatwa ncha kwa gesi. Yaani kuna mtu alishamshukuru fundi zamani.

Hapo ndo nikaanza kuelewa ugumu unatoka wapi. Hayo majani ni ya gari yenye watu kumi na nane na mizigo, sio ya kitanda na friji. Springi ngumu kuliko mzigo haikunji, inarusha, tairi inaacha barabara, na tairi ikiwa hewani haishiki chochote. Kulala kwa gari ni kitu kingine kabisa, hicho kinatoka kwenye uzito ulivyokaa juu, shokapu zilizokufa, tairi laini na stebilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia.

Fundi hakupenda, akaniambia basi kaka fanya unavyotaka ila ukirudi jani lipo. Sawa. Tukakubaliana tutafanya kitu kimoja kimoja, tunakijaribu barabarani, ndo tunaenda kingine. Ukibadilisha vitu vitano siku moja gari ikipona hujui imeponywa na nini.

Mzani

Watu wanaruka hii hatua na ndo ya bei rahisi kuliko zote. Kuna jamaa ana mzani wa kupima magari ya mazao, nikamwomba, elfu kumi yake, nikajaza maji na mafuta full, mimi na mama watoto ndani, kama tunaenda safari. Unapanda na tairi za mbele tu unasoma, unapanda yote unasoma, halafu unapanda na upande mmoja wa gari.

Mbele kilo 1,240. Nyuma 1,620. Jumla 2,860. Upande wa kushoto 1,510, kulia 1,350.

Namba ya kwanza iliyonishtua ni ya nyuma, nitaieleza kwenye tairi. Ya pili ni tofauti ya kushoto na kulia, kilo 160, kwa sababu friji, jiko na betri zote nimezipanga ukuta mmoja ili waya ziwe fupi, na barabara zetu zimeinama kushoto ili maji yatiririke, kwa hiyo gari ilikuwa inaelekea mtaroni yenyewe na mi nikawa namlaumu mtu wa alaimenti, yule wa kunyoosha tairi.

Halafu tanki. Maji lita 90 ni kilo 90, hilo halina ubishi, ila tanki lilikaa nyuma ya ekseli kama sentimita 80, na kitu kikikaa nyuma ya ekseli kinafanya kazi ya mtaimbo. Hesabu yake sio ngumu, 90 mara 3.91 gawa kwa 3.11, unapata ekseli ya nyuma inabeba kilo 113 na mbele kumenyanyuliwa kilo 23. Yaani maji yenyewe yanainua pua ya gari. Ndo maana ukijaza tanki usukani unakuwa mwepesi na gari inatangatanga, na ukiwa mkavu inatulia kidogo, nilikuwa nadhani naota.

Kwahiyo kazi ya kwanza ya miguu haikuwa chini ya gari kabisa. Tanki limehamia chini ya kitanda, mbele ya ekseli kama mita moja, katikati. Hapo hesabu inageuka, nyuma inabeba 61 na mbele 29. Betri mbili za risasi zenye karibu kilo 60 kila moja nikaziuza nikaweka moja ya lithiamu ya kilo ishirini na kitu, hii iliniuma mfukoni sitaki hata kuandika, lakini nilikuwa nitazibadilisha tu. Keria ya chuma imeshuka, spea imerudi chini kwenye nafasi yake ya kiwandani ambayo nayo ilikuwa imekatwa mnyororo, dogo mmoja wa gereji akautengeneza. Madumu sihitaji, Karatu kuna sheli, Mto wa Mbu kuna sheli, nilikuwa nabeba madumu kwa ajili ya picha.

Mzani tena: mbele 1,250, nyuma 1,440, jumla 2,690. Kushoto 1,380 kulia 1,310. Sijaigusa springi hata moja na Kikafu tayari ni gari nyingine. Inalala bado, ila inalala mara moja na inajua inapoishia.

Tairi, na ile namba ya nyuma

Gari ilikuja na tairi 215/70R15 za mtumba, zinapendeza, pana, kashata (meno ya tairi) bado ipo. Ubavuni zimeandikwa 98. Hiyo 98 baada ya saizi sio mapambo, ni indeksi ya uzito, maana yake tairi moja inabeba kilo 750 mwisho. Mbili ni 1,500. Ekseli yangu ya nyuma ilikuwa 1,620 na upande wa kushoto ndo umebeba zaidi. Nilipita hivo mpaka Mto wa Mbu na watoto ndani, kwenye jua la saa nane.

Hizi ni tairi za gari dogo, ubavu wake umetengenezwa ulainike, na ule ulaini ndo sehemu ya ile kuchelewa kuinuka niliyosema, usukani unakata, rimu inakwenda, tairi inafuata baadae. Nimerudi kwenye saizi ya kiwandani 195/80R15 zenye 107/105, 107 ni kilo 975 kwa tairi. Zimekaa nyembamba, fundi akasema gari imekuwa na miguu ya mbuzi, sawa, lakini ni za mzigo na ubavu wake hauchezi.

Upepo kwenye lami mbele PSI 42 nyuma 50. Vijana wa kujaza upepo wanajua 30 au 35 kwa kila kitu chenye tairi, inabidi usimame naye umwambie, na bado anakuangalia kama unataka kupasua. Kwenye vumbi lenye mawimbi kama ile ya Engaruka nashusha mpaka 35 na natembea taratibu, usishushe ukaendelea kukimbia, tairi inachemka.

Basi la Dar sasa hivi likipita linasukuma, gari inasogea, inarudi. Haichezi mkia tena kama mwanzo. Nikawa nimefurahi mpaka nikasahau kwamba bado rasta zinanivunja mgongo.

Julai, baridi kali, shokapu

Kuna kipimo cha kienyeji nakipenda. Tembea barabara mbovu nusu saa hivi, simama, ingia chini, gusa shokapu zote nne kwa nyuma ya kiganja, taratibu usiungue. Kazi ya shokapu ni kuugeuza mrukoruko wa springi kuwa joto. Ya moto inafanya kazi. Ya baridi imekufa, imekaa tu pale kama bomba. Nikafanya hivo barabara ya vumbi juu ya Ngaramtoni, asubuhi ile ya Julai ambayo mikono yenyewe haihisi vizuri. Mbele zote mbili za uvuguvugu. Nyuma kulia ya moto. Nyuma kushoto baridi kama imetoka dukani, na chini ya mpira wake kuna vumbi limeganda na oili, gundi nyeusi. Upande uleule uliobeba friji na betri. Ilikufa kwa kazi.

Sasa kuchagua. Kwenye maduka ya spea shokapu ya Haisi hukosi, tatizo ni kujua ipi ni ipi, boksi la KYB linaweza kuwa na KYB ya kweli ndani na linaweza kuwa na kitu kingine, mi napima kwa kuikandamiza mpaka chini nakuiachia, ya gesi inapanda yenyewe polepole bila kukwama, na naangalia uchomeleaji wa lile tundu la chini, wa kiwandani unafanana pande zote. Watu wa gari za utalii hapa mjini wanaziamini Old Man Emu za Australia na Bilstein za Ujerumani, na wana sababu, zile Land Cruiser zao zinapigwa na barabara ya Serengeti kila wiki.

Aina ni mbili kubwa. Ya tyubu mbili, oili iko tyubu ya ndani na akiba yake tyubu ya nje, na huko juu oili inakutana na gesi. Kwenye mawimbi ya vumbi pistoni inapiga haraka haraka, oili inachemka inatoa povu, na pistoni haipati kitu cha kusukuma, hapo ndo unaona gari inaanza kuelea baada ya kilomita kadhaa wakati mwanzo ilikuwa fresh. Ya monotyubu ina ukuta mmoja tu, gesi ya naitrojeni imetengwa na oili kwa pistoni inayoelea, povu halitokei kirahisi, na joto linatoka moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Ila ukuta huohuo ndo njia ya pistoni, jiwe likiubonyeza imeisha, pistoni inakwama. Tyubu mbili ikibonyezwa nje inaendelea na maisha.

Nimeweka monotyubu nyuma, na mbele KYB za gesi za tyubu mbili kwa sababu mbele kule zimejificha na nafuu ya bei. Za nyuma nimezivalisha kinga, tulikata ubavu wa tairi bovu tukaufunga na bendi kuzunguka upande wa mbele wa kila shokapu, na nafasi ya hewa nyuma ili joto litoke. Haipendezi hata kidogo. Dogo wa gereji ameiita koti.

Kitu cha kuangalia ukifunga, bushi za mpira usizikaze gari ikiwa juu ya jeki miguu inaning'inia. Mpira unashikwa kwenye ule mkao, ukishusha gari umeshapindwa tayari na utachanika mapema. Vaa nati, shusha gari ikae na uzito wake, ndo ukaze mwisho. Fundi wangu hili analijua na bado nilimkuta dogo anakaza hewani, akaitwa akarudia zote.

Matokeo: Kisongo upepo bado upo lakini nashika usukani na mkono umelegea. Rasta, hakuna mabadiliko. Kama nilivyotegemea, ugumu ule sio wa shokapu.

Babu wa springi, Moshi

Hii ndo siku niliyoipenda kuliko zote kwenye mradi. Niliambiwa kuna babu Moshi upande wa Pasua anakunja springi toka enzi za malori ya Leyland. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, mbele yake kipande cha reli kimezikwa nusu kwenye zege, hicho ndo fuawe yake.

Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Nilitegemea na yeye aniambie niongeze. Akauliza tu, "ndani unabeba nini?" Nikampa karatasi ya mzani. Akaisoma yote, akaikunja, akaiweka mfukoni kwake, sijarudishiwa mpaka leo.

Akatoa majani mawili ya nje akayatupa pembeni. Majani ya Toyota yalikuwa yamechoka, kushoto limelala zaidi ya kulia, unaona kwa macho ukiyasimamisha pamoja. Akachukua chaki akachora upinde kwenye sakafu ya saruji, akafuata jani la kulia lililokuwa na nafuu halafu akaupandisha ule mstari kidogo kwa jicho tu. Kila jani likawa linaletwa juu ya chaki, linarudishwa kwenye reli, nyundo, linaletwa tena. Anapiga kuanzia ncha kuja katikati, pigo dogo dogo, karibu karibu, na hapigi sehemu moja mara mbili mfululizo. Yote baridi, hakuna moto.

Nikamuuliza mbona wengine wanaweka kwenye makaa. Akasema "ukiliona jekundu ujue umelitongoza likubali leo na kesho likuache." Na ndivyo ilivyo, chuma cha springi kimeokwa kiwandani na kupozwa kwa mpango wake ndo maana kinarudi, ukikipasha mpaka kiwe chekundu kikapoa chenyewe tu pale nje kinabaki laini, kitakunjika kirahisi leo na kitalala baada ya safari mbili.

Akasugua kutu kati ya majani kwa brashi ya waya, akapaka grisi nyeusi kidogo sana kwenye ncha tu. Majani yakiwa na kutu yanashikana, na yakishikana springi haifanyi kazi kwenye mashimo madogo mpaka lije shimo kubwa, huo nao ni ugumu. Senta bolti mpya, bushi mpya za mpira za shakeli, kile kiungo kinachoshika mwisho wa springi. Nilikuwa nimebeba zile za plastiki ngumu za rangi nyekundu, babu akazibonyeza na kucha akanirudishia. Yubolti mpya pia, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zile zikishavutwa mara moja hazirudiwi, na baada ya kilomita mia hivi unazikaza tena, unakuta zimelegea kweli.

Nyuma ilishuka kama sentimita nne. Nikapima kwa jeki kwamba mpira wa kugongea unafika kabla shokapu haijafika mwisho wake, upo sawa, shokapu ina nafasi. Hiki ni kipimo cha lazima ukibadilisha kimo, la sivyo shokapu yako mpya ndo inakuwa nyundo.

Narudi Arusha usiku, rasta za Usa River. Nilipita nikadhani wamezitoa.

Mbele, tosheni baa

Mbele hii gari haina springi ya koili, ina tosheni baa, fimbo ya chuma inayosokotwa, na bolti yake ya kurekebisha iko chini. Aliyenitangulia alizikaza zote mbili ili pua inyanyuke. Mafundi wengi wanasema ukikaza inakuwa ngumu. Hapana. Ukikaza unabadilisha kimo tu, fimbo ni ileile, ugumu wake ni uleule, ugumu unakuja na unene. Fimbo ya milimita 26 badala ya 24 ni ngumu zaidi kwa kama asilimia 38, kwa sababu ugumu unapanda kwa unene kuzidishwa kwa wenyewe mara nne. Bolti haiwezi kukupa hiyo.

Kinachokudanganya ni kwamba ukiinyanyua sana, wishiboni, ile mikono inayoshika tairi, zinakuwa zimeshuka karibu na mwisho wake wa chini. Tairi ikiingia kwenye shimo mguu hauna pa kwenda, unagonga kwa juu, ko! Watu wanasikia kule kugonga wakasema imekuwa ngumu, imara. Nimelegeza pande zote, nikatembeza gari mbele nyuma ikae, nikapima, nikarudia, mpaka pande zote ziwe sawa na pua iwe chini kidogo tu kuliko nyuma.

Linki stebilaiza za mbele zilikuwa zimekufa zote mbili, unazishika kwa mkono zinacheza. Hizi ni vitu vya elfu kadhaa na ndo zinaifunga stebilaiza na mguu, zikifa stebilaiza ipo lakini haipo. Ningezianza nazo ningeweza kuokoa wiki kadhaa za maelezo, ila utaratibu wetu ulikuwa mzigo kwanza, na sijutii utaratibu.

Stebilaiza ya nyuma, hapa tulibishana

Baada ya kutoa majani mazito kulala kumeongezeka kidogo, lazima, yale majani yalikuwa yanazuia kulala kwa ubavu wao. Nyuma hii gari yangu haina stebilaiza toka kiwandani. Fundi akaona nafasi yake, "si nilikwambia jani?" Mi nikasema baa, yaani stebilaiza.

Baa inafanya kazi pale tu upande mmoja unapanda na mwingine unashuka, yaani kwenye kona. Tairi zote mbili zikipanda tuta pamoja haina habari. Ndo uzuri wake kuliko jani. Ubaya wake uko sehemu mbili. Kwanza ukiifanya nene sana nyuma inakuwa ndo inabeba kazi yote ya kona, tairi ya nyuma ya nje inazidiwa, na mkia unataka kuteleza, kwenye mvua za Kikafu sitaki hiyo stori. Pili kwenye vumbi lenye mashimo upande mmoja mmoja, baa inachukua shimo la kushoto inalipeleka kulia, kichwa kinatupwa huku na huku.

Nimepata ya kawaida, sio nene, ina matundu mawili ya kufungia linki, nikafunga kwenye tundu linaloiacha laini. Mabano yake fundi alichomelea kwa ustadi sana, hapo namvulia kofia. Na linki zake nimeziweka za kufunguka kwa spana moja, tukiacha lami pale Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Natron nazitoa upande mmoja, nafunga baa juu na mpira isining'inie, tukirudi lami narudisha. Dakika chache.

Alaimenti na barabara yote

Alaimenti ni mwisho, baada ya kimo kutulia, na unaipeleka gari ikiwa na mzigo wake, maji yamo, mtu amekaa kwa dereva. Kijana wa mashine alitaka nitoe kila kitu. Nikamwambia mi siendeshi ikiwa tupu. Kasta, ule mwegemeo wa mguu wa mbele kuelekea nyuma, tumeisukuma juu kadiri inavyoruhusu, pande zote karibu sawa, hiyo ndo inayofanya usukani urudi wenyewe na gari ishike mstari. Kulia tumeipunguza kidogo tu kwa ajili ya mwinamo wa barabara.

Halafu safari ya kujaribu, Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, tupande mpaka Karatu, mama watoto kakubali kwa masharti. Uwandani upepo ulikuwepo, mchana ule wa Agosti vumbi linakatiza lami, gari ikawa inasukumwa bila kutangatanga. Kupanda ukingo wa Manyara zile kona za kujikunja, lori mbele linapanda kwa gia ya kwanza, nilikaa nyuma yake bila presha, na kushuka kesho yake ndo ilikuwa kipimo chenyewe. Inalala kidogo, inakaa, unaitoa, inatoka nawe. Pua bado inainama sana ukishika breki ghafla. Mama watoto alilala kuanzia Rhotia mpaka getini kwa Manyara, na kwa anayemjua huo ni usingizi mkubwa.

Kilichobaki: bushi za wishiboni za mbele ni za zamani, zina nyufa, ndo nadhani sehemu ya ile pua kuinama na mlio mdogo nikigeuza usukani nimesimama. Nimeagiza za mpira za Toyota zenyewe. Tanki nataka kuliwekea kuta mbili ndani, likiwa nusu maji yanatembea na unayasikia kwenye kona. Yubolti zimekazwa mara ya pili Jumamosi, mbili za kushoto zilikuwa zimelegea robo mzunguko.